Jicho la Pili la Mama Gi-tae

RISALA YA WANACHAMA WA CHAMA CHA SUKARI NA MACHO, UKUMBI WA WAZEE WA KIJIJI CHA DALBAT, KWA MGENI RASMI, PROFESA PYO IN-SUK

UKARIBISHO

Mgeni rasmi, Profesa Pyo In-suk, daktari bingwa wa upasuaji wa macho; mkuu wa kijiji chetu; wauguzi mliofuatana na mgeni; wanachama wenzangu mnaoniona, na nyinyi ambao leo mnanisikia tu: salamu kwenu nyote.

Sisi wanachama wa Chama cha Sukari na Macho tunakukaribisha Dalbat kwa mikono miwili. Umeacha wagonjwa wengi mjini ukaja kutupima huku kwenye vitunguu, na jambo hilo hatulichukulii kirahisi. Sakafu ya ukumbi, ile inayopashwa moto kutoka chini, tumeiwasha ingawa ni Mei na baridi imekwisha, kwa sababu tulibishana kama watu wa mjini husikia baridi, na waliosema husikia walikuwa na sauti kubwa zaidi. Ukiona joto limezidi, sogea upande wa dirishani. Hakuna atakayekasirika.

Mimi ninayesoma ni katibu, Tak Chun-bae. Sikuchaguliwa kwa ufasaha. Katika chama kizima, ukimtoa mmoja tutakayemtaja mbele, jicho langu la kulia ndilo pekee linaloweza kusoma karatasi bila kuipeleka puani. Lakini maneno ni ya wote, na ndiyo maana utasikia mahali yanapogongana. Tulijaribu kuyapatanisha tukashindwa, tukaona bora tukuletee yalivyo. Wewe umezoea kuona mambo yaliyovurugika ndani.

HISTORIA FUPI YA CHAMA

Mgeni rasmi, chama hiki hakikuanzishwa na watu wenye mawazo makubwa. Kilianza siku muuguzi wa zahanati alipokuja hapa ukumbini kutupima sukari. Tulipanga foleni kwa vicheko, kila mtu akimtania mwenzake kwamba yeye ndiye atakayekutwa nayo, na tulipomaliza kupimwa vicheko vilikuwa vimekwisha. Zaidi ya nusu yetu tulikuwa nayo. Wengine tulikuwa nayo siku nyingi, tukidhani kiu ni ya jua na kuchoka ni kwa uzee.

Aliyetukusanya siku ile ni Bi Ma Gap-sun. Hapa kijijini hatumwiti kwa jina hilo, tunamwita Mama Gi-tae, kwa jina la mwanawe wa kwanza. Alisema kama tumeugua pamoja basi tujitunze pamoja, na kabla hatujajibu akawa ameshapitisha sheria. Baada ya chakula cha mchana hakuna kulala. Ni kutembea mpaka bwawani na kurudi. Na kahawa ya pakiti, ile tamu, ni marufuku ukumbini. Atakayekamatwa nayo ataosha vyombo vya wote. Mzee Bok-man, jirani yake, ameosha vyombo mpaka mikono yake imekuwa laini kama ya bibi harusi.

Kwa miaka kadhaa chama kilikuwa cha miguu na vikombe tu. Kisha sukari ikapanda machoni. Tulifundishwa kwamba inaharibu mishipa midogo nyuma ya jicho, na jicho kwa kuhangaika linaotesha mipya, myembamba na mibovu, inayovuja damu na kuuvuta ule utando unaopokea mwanga. Ndipo mtu anapasuliwa. Daktari anauondoa ute wenye damu, anaunguza mishipa mibovu kwa mwali wa mwanga, na mwishoni anaacha ndani ya jicho maji au gesi. Tunaeleza tulivyoelewa. Ukisikia tumekosea, tunakuomba uvumilie hadi mwisho, kwa sababu katibu akikatizwa hupoteza mstari.

MAFANIKIO

Mgeni rasmi, mafanikio yetu makubwa ni Mzee Bok-man, ingawa inatuuma kulisema hilo mbele yake.

Ulimpasua wakati wa baridi. Ulimwachia gesi ndani ya jicho ukamwamuru akae uso chini, usiku na mchana, mpaka utakapomruhusu kuinua kichwa. Mtu huyu hajawahi kumtii hata mama yake mzazi. Amefiwa na mke, na nyumbani angekuwa peke yake akiongea na sakafu, kwa hiyo tulimleta hapa. Bi Du-rye, fundi wetu wa magodoro, alitoboa mto katikati ili apate kupumua. Mama Gi-tae alimpikia uji na kumsogezea bakuli chini ya kidevu. Alipolalamika kwamba atakufa kwa upweke kabla ya kufa kwa sukari, sisi wanaume tulilala kifudifudi kumzunguka, vichwa katikati, tukacheza naye karata za maua palepale sakafuni. Mkuu wa kijiji aliingia akadhani tumekula sumu.

Alitushinda kila mchezo. Sisi shingo zilituuma, yeye alikuwa ameshazoea.

Jicho lake lilipona. Sasa anasoma bei ya vitunguu gazetini, na anaisoma kwa sauti hata pale ambapo hakuna aliyeuliza. Tunakushukuru sana, Mgeni rasmi, na tungekushukuru zaidi kama ungempunguzia sauti kidogo.

Mafanikio mengine ni kwamba masharti yote ya baada ya upasuaji tumeyakariri kichwani. Usinyanyue kizito. Usiiname. Usijikamue chooni. Usikohoe kwa nguvu kama unaweza kujizuia. Sukari isipande wala isianguke ghafla, na shinikizo la damu lichungwe. Dawa ya kulainisha damu usiiache wala usiianze kwa akili yako mwenyewe. Tulikuwa tukiyaimba haya njiani kuelekea bwawani, na tuliamini kwamba anayeyajua yote damu haiwezi kumvujia.

CHANGAMOTO

Mgeni rasmi, katika risala nyingine zilizowahi kusomwa hapa, sehemu hii huwa ni ya barabara na paa linalovuja. Barabara bado ni mbovu na paa bado linavuja, lakini leo hatutayataja.

Changamoto yetu ni kwamba hatuelewi.

Mwezi Machi ulimpasua Mama Gi-tae jicho la kushoto. Siku chache kabla ya hapo alidungwa ile sindano ya ndani ya jicho, inayonyausha mishipa mibovu ili isivuje damu wakati wa upasuaji na baada yake. Mzee Bok-man hakudungwa. Kwa nini hakudungwa hatujui, naye hajui. Anasema mishipa yake ilikuwa na heshima. Mama Gi-tae hakuachiwa gesi bali maji, na badala ya kuambiwa alale uso chini, aliambiwa alale kichwa juu, mito miwili au mitatu mgongoni. Hapo ndipo tulipoanza kuchanganyikiwa. Bi Du-rye alikuwa ameshampelekea ule mto wenye tundu, umefuliwa na kukaushwa.

"Dada, mto wako huu. Lala."

"Mimi nimeambiwa kichwa juu."

"Daktari ni yule yule wa Bok-man?"

"Yule yule."

"Ugonjwa ule ule?"

"Du-rye, ule ule."

"Sasa inakuwaje mmoja achungulie sakafu na mwingine achungulie dari? Au mwenzio alilalia tumbo bure?"

Tulimpigia muuguzi wako simu. Alitueleza kwa upole kwamba gesi hupanda juu, kwa hiyo aliye nayo huelekeza uso chini ili gesi ipande na kuugandamiza utando wa nyuma ya jicho. Asiye na gesi hukaa kichwa juu ili damu kidogo iliyobaki izame chini na kuacha katikati peupe. Tulielewa. Tukalala, tukaamka, hatukuelewa tena. Mama Gi-tae pekee hakuyumba. Alikaa kitako na mito yake, mgongo umenyooka, hata kuokota kijiko kilichoanguka akamwita jirani.

Mwezi Aprili ikafika siku ya kumbukumbu ya marehemu mume wake. Gi-tae na mkewe walikuja kutoka mjini, na shemeji yake, mdogo wa marehemu, alikuja na samaki. Mama Gi-tae mwenyewe alipanga meza ya marehemu, yenye picha yake na vyakula anavyotengewa, akiwa amesimama wima, akiwaelekeza wengine kipi kiwekwe mashariki na kipi magharibi. Kama ujuavyo, mbele ya meza ile wanaume husujudu mara mbili na wanawake mara nne, paji la uso mpaka chini. Gi-tae alitaka mama yake asimame tu. Shemeji akaona kusimama tu ni aibu, akaleta suluhu: Mama Gi-tae asujudu mara mbili, polepole, kama mwanamume. Wote wakakubali, naye akakubali.

Alisujudu mara mbili. Kisha akaendelea. Gi-tae akamshika mkono akimnong'oneza kwamba inatosha.

"Baba yako aliniacha mwanamke," alimjibu. "Nikisujudu mara mbili atadhani amekosea nyumba."

Waliokuwepo walicheka, na yeye mwenyewe alicheka, kisha akamaliza zote nne. Tunaliweka hili la kucheka ndani ya risala kwa sababu baadaye hakuna aliyetaka kukumbuka kwamba alicheka.

Siku ya pili yake alikuwa hapa ukumbini, anamenya vitunguu saumu pamoja nasi. Aliinua kichwa akauliza ni nani anayechoma majani. Hakuna aliyekuwa akichoma majani. Akasema lakini masizi yanaanguka. Tukatazama juu, tukatazamana. Aliziba jicho la kulia kwa kiganja, akaliachia, akaziba la kushoto. Kisha akachukua kitunguu saumu kingine akaendelea kumenya mpaka kikaisha. Alipomaliza ndipo alipomwambia Bi Du-rye ampeleke hospitali, na sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, kiasi kwamba Bi Du-rye aliuliza kama anaweza kwanza kunywa maji.

Hospitalini alikutana na daktari kijana wa zamu. Daktari alimwangalia vizuri, akamwambia damu imevuja ndani ya jicho, mara nyingi hujisafisha yenyewe taratibu, asubiri, na isipojisafisha itaoshwa. Mama Gi-tae akamuuliza imetokana na nini.

"Hutokea, mama," alisema yule kijana.

Hatumlaumu, kulikuwa na foleni ndefu nyuma yake. Lakini ni vigumu mtu kurudi nyumbani na neno kama hilo. Alipofika kijijini sisi tulikuwa na maneno mengi zaidi, na kila mmoja alimpelekea la kwake.

Wapo waliosema ni kule kusujudu. Hao walikuwa wengi, na walilisema kwa kumhurumia, jambo lililofanya liume zaidi. Wapo waliosema ni maji ya jinsengi nyekundu, ule mzizi wa kuongeza nguvu, aliyoletewa na mkwe wake, mke wa Gi-tae, kwa nia njema kabisa, kwani inasemekana huifanya damu iwe nyepesi. Wengine wakasema sivyo, ni gunia la saumu, walimwona amelishika. Yeye akasema alilishika tu, hakulinyanyua. Wakamwambia kushika ni nusu ya kunyanyua. Bi Du-rye anasema ni sukari yenyewe, kwamba sukari haina shukrani. Mzee Bok-man hakusema kitu siku ya kwanza, na tulidhani amepata adabu. Siku ya pili akatangaza kwamba yeye, baada ya kuruhusiwa kuinua kichwa, alibeba magunia ya mbolea, alikohoa mwezi mzima, na alikunywa alichokunywa, na jicho lake ni kama kioo.

Mgeni rasmi, ni kweli. Tulimwona akibeba. Sasa tueleze, maana sisi tumeshindwa. Aliyetii masharti yote kasoro dakika moja amevuja damu. Asiyetii hata moja anatusomea gazeti. Aliyedungwa sindano amevuja, asiyedungwa hakuvuja. Muuguzi alituambia sindano inapunguza, haizuii kabisa, na sisi tukauliza inapunguza kwa nani, kwa sababu mtu mmoja hana jicho la kupunguziwa. Ama limevuja ama halikuvuja.

Na mkono wa daktari? Hilo halikusemwa na mtu yeyote hapa ukumbini. Kama lilisemwa, katibu hakuliandika.

Tunachokijua ni kwamba kila jibu lina mtu wa kuumia. Likiwa ni kusujudu, ameumia Mama Gi-tae, na shemeji aliyeleta suluhu hana amani. Likiwa ni jinsengi, ameumia mkwe. Huyo tangu alipopata habari za maneno yetu hajakanyaga tena Dalbat. Hupiga simu, akasikia sauti ya mama mkwe wake, akaanza kulia, na simu ikaisha hapo. Gi-tae amegombana na baba yake mdogo. Mama Gi-tae mwenyewe ameacha kuja ukumbini. Hatembei tena kwenda bwawani, nasi hatutembei, maana hakuna wa kutuamsha. Kahawa ya pakiti imerudi. Tunaificha kwa mazoea tu, hakuna anayetutafuta.

Damu ya jicho la kushoto imeanza kupungua, tunashukuru. Anaona vidole, anajua dirisha liko wapi. Ila sasa jicho lake la kulia, lile zuri, lile analopikia na kututambulia sisi, utando wake umeanza kuvutwa. Ulimwambia mwenyewe kwamba lisipopasuliwa litapotea. Ukampangia Jumatatu hii ijayo. Sindano ameshadungwa. Na mwanzoni mwa wiki hii alimwambia Gi-tae kwa simu kwamba haendi.

Gi-tae alimbembeleza, kisha akamkaripia, kisha akatupigia sisi. Sisi tukaenda mmoja mmoja, tukaenda kwa makundi. Anatupokea vizuri, anatukaribisha matango, anasema haendi. Ukimuuliza kwa nini, anakuuliza kwanza wewe umwambie la kwanza lilivuja kwa nini.

MAOMBI

Mgeni rasmi, tulipopata habari kwamba unakuja tuliandika maombi mengi. Tuliomba gari la wagonjwa wa macho, kiti cha kukaa uso chini kama vilivyoko mjini, na darasa la masharti kwa lugha isiyo na vipimo. Yote tumeyafuta ili libaki moja, nalo lilisomeka hivi: "Tunamwomba mgeni rasmi atamke mbele ya wote kwamba Mama Gi-tae hana kosa." Tulilikubali wote bila kubishana, jambo ambalo hapa ni nadra sana.

Kwa adabu tuliona asomewe kwanza mwenyewe. Tulitumwa mimi na Bi Du-rye. Tulimkuta barazani, tukamsomea kwa sauti nzuri, tukasubiri machozi. Alikasirika. Alituambia tulifute.

Bi Du-rye akamuuliza, "Dada, hutaki kusafishwa?"

"Chun-bae, wewe unajua kusoma, nisikilize," alisema, akanigeukia mimi kana kwamba ndiye niliyeuliza. "Kama ni kule kusujudu kwangu, Jumatatu nakwenda. Nikirudi sisujudu tena mpaka nife, hata marehemu aje anidai ndotoni. Jicho nitakuwa nalo. Lakini huyo profesa akisimama pale akasema mimi sikukosa kitu, basi hili la pili nitalilinda na nini?"

Mimi nilikunja karatasi. Tulirudi tukawaeleza wenzetu, na mtu mmoja akasema labda tumwambie ni kusujudu tu, yaishe. Mwingine akasema hapo mnataka kumtwisha mjane kosa la kulipofusha jicho lake mbele ya picha ya mumewe, ili apande basi Jumatatu. Wote wawili walikuwa na haki. Tulichelewa kutawanyika.

Kwa hiyo leo tumesimama mbele yako hatujui tuombe nini. Ukisema ni kusujudu, utamwondolea hofu na kumvunja moyo kwa pamoja. Ukisema si kusujudu, utampumzisha moyo na kumwachia hofu. Ukisema hujui, sisi tutakuamini zaidi kuliko ukisema unajua, ila yeye atabaki na Jumatatu yake.

Tumejaribu kufikiri kama wakulima. Vitunguu vikishavunwa tunavichambua mafungu, kila kimoja mahali pake, na kazi hiyo tunaijua. Basi tunakuomba umchambulie. Lipi liko mikononi mwake, kama sukari, presha, mito na mgongo wake. Lipi liko mikononi mwako, na hilo useme wazi kwamba ni lako, asilibebe yeye. Na lipi haliko mikononi mwa mtu yeyote. Fungu la mwisho huenda likawa kubwa, sisi tumeshaanza kulihisi, na tunaogopa. Tunachokuomba ni kwamba fungu lake lisiwe tupu. Likiwa dogo, liwe dogo, lakini liwe la kweli. Anaweza kulala ameketi mwaka mzima ukimwambia. Anaweza kupima sukari kila akipumua. Mtu huyu ukimpa kazi hafi moyo. Tatizo letu ni kwamba mpaka leo amepewa lawama na amepewa pole, na kazi hakupewa.

Usimwambie kwamba haitatokea. Hatutaki hilo, na hata ukilisema hataliamini.

Mwisho tunakuomba radhi. Ratiba uliyopewa inaonyesha kwamba baada ya risala ni chakula cha mchana hapa ukumbini. Hapa ukumbini hakuna chakula. Jikoni hakuna hata sufuria iliyoko motoni. Jana tulimwambia Mama Gi-tae kwamba mgeni wa kijiji amekosa mahali pa kula, akatutukana wote kwa majina, kisha akauliza kama unakula samaki. Tangu asubuhi anapika. Nyumba yake ni ile yenye paa la bluu, ukitoka hapa unaiona. Wauguzi wako tutawatunza sisi kwa vipande vya tikiti, na hakuna kati yetu atakayekufuata, hata Mzee Bok-man, ambaye harufu ya samaki imeshamfikia.

Nenda peke yako, Profesa. Ukifika, ukae upande wake wa kulia. Jicho hilo bado linaona, na tungependa akuone unapomjibu.

Tunakutakia mikono iliyotulia, usingizi mzuri Jumapili, na uzee wa kuona kila unachotaka kukiona. Mbingu zikutazame kama unavyotutazama sisi.

Ni sisi,
Wanachama wa Chama cha Sukari na Macho,
Ukumbi wa Wazee, Dalbat.

Imesomwa kwa niaba yao na Tak Chun-bae, katibu.